Finjani Haijatikiswa

"Na huko, mie ntalala chumba kipi?" Ndivyo alivyouliza Bibi Khole, picha mkononi, miwani imemteremka mpaka ncha ya pua, na hakuna aliyemjibu, baba alikohoa, mama aliinamia sahani akawa anatafuta kokwa katika tende ambazo kokwa zake alikwisha kuzitoa, na Huwaida, binti yao, amesimama palepale katikati ya zulia, dele la kahawa mkono wa kushoto, finjani za baba na mama zimepachikana mkono wa kulia, kwa sababu mwenye kumimina kahawa hakai mpaka wa mwisho atikise finjani yake kwamba ametosheka, ndiyo ada ya Ibra nzima, mji huu wa Waarabu, na wa mwisho ni Bibi, na Bibi hajatikisa, ameinyoosha tena, tupu, mkono umetulia tuli, haya, mimina, Huwaida akamimina, harufu ya hiliki ikapanda, na swali lile likaachwa lizunguke peke yake huko juu na feni... "Hizi mashine za chini, mama, tazama, milango yake ya vioo, mtu anatia sarafu, anatia nguo, anakwenda zake, akirudi zimeshakauka," baba huyo, Thuwaini bin Seif, umri wote kuuza na kutengeneza viyoyozi pale sokoni, na juzi tu amerudi kutoka Brandoni, mkoa wa Manitoba, Kanada, alikokwenda kuitazama biashara kwa macho yake kama mkoa unavyotaka, maana mkoa ule unasema njoo, nunua biashara, uiendeshe mwenyewe, uajiri watu wetu, nasi tutakupa makaazi, na biashara yenyewe ni duka la kufulia nguo la bibi mmoja wa kizungu aliyechoka, chini mashine, juu vyumba viwili na jiko, nje theluji imepanda mpaka dirishani, vyumba viwili, kimoja cha baba na mama, kimoja cha Huwaida, mdogo wake Muatasim atalala sebuleni, Huwaida anavijua vyumba hivyo kama kwamba amewahi kuvifagia, na katika kuvigawa kwao hapakubaki hata pahala pa kutandika msala wa mtu mmoja... na juzi ile ile, baba anateremka garini, hata shikamoo hajaimaliza, Bibi keshamrukia, "Kwa hivyo umekwenda mwisho wa dunia ukarudi dobi!" "Si dobi, mama, mwenye duka la dobi." "Alaa! Kwani hao wenyewe hawana mikono?" na wakacheka wote, baba mpaka machozi, na kicheko kile ndicho kilichomdanganya Huwaida kwamba labda jambo hili litajisema lenyewe, litapenya tu nyumbani kama vumbi, siku moja Bibi aamke alijue bila ya mtu kulitamka... akanywa Bibi, pole pole, kaishusha finjani, sasa atatikisa, sasa... wapi, kainyoosha tena, mimina.

Maana anayetakiwa kusema ni yeye, hilo ndilo linalomchoma, si baba mwenye mama yake, ni yeye! Juzi hiyo, kabla ya kufika nyumbani, baba alikwenda kumchukua chuoni Nizwa, na walipofika Bidbid, pale njia ya Ibra na Sur inapochepuka, wakasimama pembeni, baba akapiga honi waletewe chai ya maziwa, na akasema huku anayatazama malori, si yeye, malori, "Sharia yao, wa kwenda na mimi ni mke, na watoto ambao hawajaoa wala kuolewa na hawajapita umri. Mzazi hayumo, binti yangu. Labda baadaye." "Baadaye ipi, baba? Bibi wa miaka themanini ana baadaye ipi?" "Atakaa kwa shangazi yako Ahlam, Mudhaibi, nyumba kubwa, hatakosa kitu." "Umeshamwambia?" Na baba akateremsha kioo, akapokea vikombe vya karatasi, akampa chake, akasema, "Mwambie wewe. Wewe ndiye mwenye ulimi, na wewe anakusikia, mie nikianza sitamaliza," na Huwaida akahisi masikio yanawaka moto, kwa nini, wallahi, kwa nini kila neno zito katika ukoo huu linaamuliwa na wanaume halafu linapewa binti alipeleke pamoja na trei ya kahawa, akamwambia vilevile alivyofikiri, na baba hakukasirika, ingekuwa nafuu angekasirika, alimjibu kwa sauti ya chini, "Si wewe mwenyewe uliyesema mbele ya watu kwamba kuhama ni haki?" na hapo akamkamata, maana alisema, tena kwa kishindo, ukumbi wa chuo umejaa, mada ya mdahalo ilikuwa mtu ana haki ya kuihama nchi yake, na yeye upande wa kuunga mkono, mkono mmoja mezani, akasema kwenu si pale ulipozaliwa, kwenu ni pale ukiuliza unajibiwa, na watu wakasimama kupiga makofi, wasichana wa Sur wakapiga vigelegele kama harusini, akashinda, akampigia baba simu usiku huohuo kumhadithia, na baba akaliweka lile neno, akalitunza kama mtu anavyotunza akiba, akamrejeshea Bidbid juu ya chai... "Hapa wananiita wa Zanzibar," aliendelea baba, "na mwaka ule niliokwenda Unguja wakaniita Mwarabu, basi nataka pahala nikiitwa mgeni niwe mgeni kweli, lisiniume. Nilibebwa mtoto, hakuna aliyeniuliza. Safari hii nimechagua mwenyewe," na chai ikapoa, malori yakapita, na Huwaida, bingwa wa midahalo, akakishika kikombe chake kilichojaa mpaka taa za Ibra.

"...na mji wenyewe mdogo, mama, kama Ibra tu, ila baridi," anasema baba, na Bibi anasema, "Enhe," enhe ile fupi isiyomfungulia mtu mlango, kama Ibra tu, baba anajua nini Ibra, Ibra ni Jumatano, soko la wanawake, pale ambapo mwanamume hatii mguu, Bibi na mikate yake ya ufuta imefunikwa kanga, alfajiri ameshaioka, mikono inanuka tui, na Huwaida mdogo kakaa chini ya meza baina ya vikapu, anaiona miguu tu ya wanunuzi, hina, bangili za miguu, viatu vya plastiki, na juu ya kichwa chake sauti ya Bibi inagombana bei kwa Kiarabu na kusifu kwa Kiswahili, "Ghali? Ghali wallah? Basi onja, mwanangu, onja, ukisema mbaya ondoka nao bure," na hakuna aliyeondoka nao bure, ulimi huu alioutumia ukumbini aliuokota pale chini ya meza, pamoja na makombo ya ufuta, "Usile maneno, Huwaida," Bibi akimwambia kila akirudi shule na Kiswahili chake kilichokatikakatika, "neno litoe zima, mtu alione," na wakirudi nyumbani walipita nyumba za kale zilizobomoka, Bibi akisimama kila mara mbele ya mlango mmoja wa nakshi uliobaki, akiupigapiga kwa kiganja kama anampigapiga ng'ombe, "Huyu kaja na meli kama mie," kisha wakaendelea na safari, kapu moja tupu, jua linachoma visigino... na sasa picha ya theluji imo mapajani, chini ya mikono ile ile, na baba anasema kama Ibra tu.

Akanywa tena. Akanyoosha tena. Mama akanong'ona, "Mama, moyo utakwenda mbio," na Bibi akajibu, "Wacha uende, una pahala pa kwenda huo," na baba akacheka kidogo, cheko la mtu asiyejua kama ametaniwa au ametukanwa, na dele limekuwa jepesi, Huwaida anasikia machicha yanateleza chini, na hapo ndipo lilipomjia, kwani Bibi hajui kutikisa? Hadithi ya nyumba nzima hii, inayohadithiwa kila Idi, Bibi alipofika Ibra mara ya kwanza, mgeni kutoka Unguja, akaalikwa kwa Bi Ghaniya, jirani, binti wa nyumba kasimama mbele yake na dele, Bibi akinywa anamiminiwa, akinywa anamiminiwa, kwao Unguja mtu hukirudisha kikombe akasema ahsante, basi naye kila akikirudisha kinarudi kimejaa, akaona aibu kukataa cha watu, akanywa mpaka mikono ikamtetemeka, na binti maskini miguu inamuuma lakini hawezi kukaa, mgeni hajatosheka, wawili wale wanateseka kwa adabu, mpaka Bi Ghaniya akaangua kicheko, akamshika Bibi kiwiko akamtikisia mkono mwenyewe, hivi, hivi, na binti akaanguka kitako, "Ndipo nikajua," humalizia Bibi, "kwamba huku mtu akitosheka hasemi, mkono ndio unaosema," na tangu siku ile Bibi ametikisa finjani misibani na harusini, ametikisa vizuri kuliko waliozaliwa hapa, mtikiso mwepesi, mara mbili, kama anakung'uta maji ya vidole, basi leo hajasahau, leo amekataa, amemsimamisha Huwaida kwa makusudi, mtu mmoja kwenye nyumba hii hataruhusiwa kukaa mpaka swali lijibiwe, na hakumsimamisha baba, hakumsimamisha mama, amemsimamisha yeye...

Na hotuba aliyokuwa akiipanga tangu asubuhi, ile ya kumwangusha baba mbele ya mama yake, vifungu vyake vyote, haki, dhuluma, Bibi si kabati la kuachiwa shangazi, ikaanza kumponyoka, maana aliutazama uso wa baba juu ya picha zile na hakumwona mwenye duka la dobi, alimwona mtoto wa hadithi nyingine, ile ambayo Bibi haihadithii Idi, aliihadithia mara moja tu, Huwaida ana homa, kichwa chake mapajani mwa Bibi... siku ya kuondoka Unguja, mama yake Bibi, miguu imekwisha, kakaa kitandani, akauliza, "Na mimi?" na Bibi, kijana wakati huo, mzigo umefungwa, akamjibu, "Wewe mama unabaki," vile vile, zima, na mama yake akasema, "Haya, nimesikia. Lete kitana," akamkalisha chini akamsuka, akamsuka kwa kumkaza mpaka macho yakamvutika, huku anamwambia maneno yote ambayo mtu huyahitaji maishani, namna ya kumjua samaki aliyelala, si wa leo, nani asikopeshwe, dua ya kuingilia nyumba mpya, na mlangoni kasimama mtoto Thuwaini na viatu vyake mkononi, akitazama, na Bibi hakuzifumua nywele zile safari nzima, hata kichwa kilipowasha, "Ningemdanganya," alisema Bibi, kitambaa cha maji kwenye paji la Huwaida, "ningemwambia twenda, tutarudi, basi asingenisuka," na akakamua kitambaa... kumbe baba anajua, baba alikuwapo, aliona namna neno lile linavyosemwa na linavyogharimu, ndiyo maana akayatazama malori, na hili halimpi haki, hapana, Huwaida bado ana hasira naye, atakuwa nayo mpaka Brandoni kama atakwenda, lakini kumwachia Bibi ashike finjani mpaka dele likauke ili baba aaibike, hiyo ni kushinda mdahalo tu, na anayesubiri si ukumbi, ni bibi yake, kwenye zulia lake, ameuliza kwake na hakujibiwa, na muda unaokwenda bure huu ni muda wa kusukwa... "Na hapa, mama, nyuma ya duka, pana uwanja," anasema baba, picha nyingine hewani, mama anafumbata kokwa moja, feni inazunguka, mkono wa Bibi umenyooka vile vile, finjani tupu, na macho yake juu ya miwani hayaitazami picha.

"Bibi," alisema Huwaida, "tikisa finjani nikae, nina neno la kukwambia."