Laptopu Isiyopiga Kelele

Mtaani walimwita Mzee Mizani, na jina hilo hakuliokota njiani. Alikuwa mtunza stoo mpaka anastaafu, na hata sasa hanunui mche wa sabuni bila kuupima kwanza kiganjani. Basi mke wake alipomwambia kwamba laptopu yake ya kuchapia inakata roho, tena wakati mhadhiri mmoja amempa kitabu kizima achape, Mzee aliona Mungu kamkumbuka. Nyumba ile ilikula kwa vidole vya mke wake, na yeye alichoka kujiona mzigo. Alitaka afae tena.

"Niachie mimi," alisema.

Mama wa watu akamwachia.

Mzee alizunguka madukani mpaka wauzaji wakimwona wanajifanya wanaongea na simu. Mwishowe zilibaki mbili, zote za duka moja. Moja mpya, nyembamba, nyepesi, betri yake inakaa kutwa, na ukiinunua unapewa begi. Ya pili imetumika, nene, nyeusi, na bei yake wala haikupishana sana na ile mpya. Mzee alicheka. Nani mwenye akili timamu atoe hela karibu ileile abebe tofali? Hata hivyo alilinganisha skrini, akalinganisha uzito, akalinganisha waranti, akamsumbua na shemeji yake kwa simu. Mke wake akamtania kwamba mchagua nazi hupata koroma, na kwamba mhadhiri naye hana subira. Kitabu kikichelewa, kazi inahamia kwa wachapaji wa jirani na chuo.

Akanunua ile nyembamba. Mke wake aliipokea kwa mikono miwili, akaisifu, akalisifu na begi.

Sasa, mama huyu alijifunza kuchapa kwa taipureta, zile za chuma, ambazo usipopiga kwa nguvu herufi haitoki. Na hakubadilika. Akianza kazi, majirani wa ukuta wa pili wanajua, na vikombe kabatini vinaitikia. Mzee alilala usingizi wake wa mchana kwa mdundo huo miaka nenda rudi, hata akawa hausikii tena.

Alichokuja kukisikia ni kimya. Mwanzoni alijigamba kwa jirani kwamba vitu vya kisasa ndivyo vilivyo, havipigi kelele. Lakini usingizi ukamkataa. Akajigeuza huku, akajigeuza kule, wapi! Akaamka, akanyata hadi mlango wa chumba cha kazi. Mke wake alikuwa akigusa vitufe kwa ncha za vidole, kimoja kimoja, kama anayempapasa mtoto mwenye homa. Pembeni, kurasa za mhadhiri zilikuwa bado mlima.

Akamuuliza mbona anachapa hivyo. Mama akaona hakuna pa kukimbilia, akasema kweli. Juzi alijisahau akapiga kama alivyozoea, kitufe kikaruka hadi chini ya kabati. Alikitafuta kwa magoti, akakirudisha mahali pake, na tangu hapo anaiogopa laptopu yenyewe.

"Na hukuniambia?"

"Ulirudi nayo umeikumbatia kama mjukuu. Ningeanzia wapi, mume wangu?"

Aibu ilimshika Mzee, aibu ya kweli. Alipima kila kitu dunia hii isipokuwa mikono ya mke wake. Aliifuta laptopu vumbi, akairudisha kwenye begi lake, akashika njia ya dukani.

Mwenye duka alinung'unika, lakini akakubali kumbadilishia, mradi begi libaki. Mzee akasema begi libaki. Kisha akaivuta ile nene, akakunja mikono ya shati, akaanza kuitwanga kwa vidole vyote kumi, kama alivyomwona mke wake akifanya tangu ujana wao. Wateja wakageuka. Mwenye duka akamuuliza kama ananunua au ana ugomvi nayo. Mzee aliendelea kuitwanga mpaka aliporidhika, na laptopu ikabaki vilevile, haikung'oka hata kitufe.

Alasiri ile vikombe vikaanza kuitikia kabatini. Baada ya muda jirani akagonga ukuta kulalamika, akagonga tena. Mama alikuwa anaushusha mlima wake wa kurasa, na Mzee Mizani alikuwa amelala fofofo.