Kusajiliwa kwa Mahari

...na sasa anataka tuhame tena, tutoke hapa tulipokuwa tumeanza kupata ubaridi kidogo, kwa sababu kivuli cha jukwaa kinaikata sura ya Mheshimiwa, sura yenyewe haipo, iko kule kando ya mstari imeshikana na simu, lakini sisi wote tusogee juani, wasichana sogeeni, anasema Garo mpiga picha ameinamia kamera yake, warefu nyuma, wafupi wachuchumae, kapteni katikati, ah hapana, samahani kapteni, katikati ni pa Mheshimiwa, wewe pembeni yake kidogo, haya, pembeni kidogo, mimi Hanadi niliyeivaa jezi hii tangu enzi tulipokuwa tunapewa zile walizokwisha kuzichakaza vijana wa kiume, zikifika bado zinanuka kwapa, leo nimpishe mtu mwenye viatu vya ngozi asimame katikati ya timu ya taifa ya wanawake, sawa, nimempisha, goti linaniuma kuchuchumaa na nimechuchumaa, Garo anasema cheka nacheka, na kule nyuma ya Garo, mahali ambapo kamera haifiki, amesimama Layal na kreti la maji. Layal mtoto wa dada yangu. Hana jezi, ana kile kizibao cha mazoezi cha rangi ya chungwa, maana mazoezi anaruhusiwa, kukimbia na sisi anaruhusiwa, kututia chenga mpaka tukae chini anaruhusiwa, jana kanipitisha mpira katikati ya miguu akaniambia pole mama mdogo na akaendelea zake, kiungo kama yule hatujawahi kuwa naye nchi hii, na sisemi kwa kuwa ni damu yangu, kocha mwenyewe anasema, kila mtu anasema, kisha ikifika siku ya picha na siku ya mechi tunampa maji abebe... kwa sababu baba yake ni Mpalestina. Basi. Kazaliwa mjini Saida, hospitali ileile niliyozaliwa mimi, kasoma Saida, matusi yake yote ni ya Saida, lakini mtoto anamfuata baba, ndivyo sheria isemavyo, na dada yangu Nuhad aliyembeba tumboni na kumnyonyesha, Mlebanoni wa kuzaliwa, hana cha kumpa, anaweza kumpa pua yake na hasira zake tu, uraia hapana.

Sasa huyu hapa ubavuni kwangu, Emelie, mtoto mzuri, sina ugomvi naye, ananiuliza kwa mikono na kwa kile Kiarabu chake cha wiki mbili kama tutakaa sana, namwambia Mungu ndiye ajuaye, anacheka, mabega yameshaiva kwa jua masikini, kwao Sweden jua kama hili hawalijui. Juzi kala mkate wa zaatari akauliza haya majani ni ya nini. Huyo ni Mlebanoni. Baba wa babu yake alipanda meli akaenda zake, akazaa mwanamume, naye akazaa mwanamume, naye akamzaa huyu, wanaume tu wamepokezana jina kama ndoo ya maji mpaka likamfikia, kaja na pasipoti mpya inanukia, wimbo wa taifa anaufungulia mdomo tu na mimi namsikia kwamba hatoi sauti, na anacheza nafasi ya Layal. Anacheza vizuri. Hilo nalo linaniudhi, angecheza vibaya ningepata pa kupumulia... inua kidevu kapteni, anasema Garo, Mheshimiwa anamaliza sasa hivi, anamaliza wapi, tazama anavyozunguka na ile simu, mkono mmoja mfukoni, kitambi mbele, na huyu bwana, wallahi huyu bwana anakaa bungeni, yeye ni mmoja wa wale ambao wakiinua mikono sheria inabadilika, hakuombwa ainue jiwe, aliombwa mkono, mimi mwenyewe nilimwambia, kwenye ile karamu aliyotufanyia baada ya kuwafunga Wajordani, nilikwenda mpaka mezani kwake nikamwambia Mheshimiwa, kina mama wa nchi hii wanazaa wageni, yeye anaguguna mfupa wa kondoo, akasema dada yangu, hayo ni mambo mazito, yana mizani yake ya madhehebu, leo tukiwapa hawa kesho wale watasemaje, lakini mnajisumbua bure, mtafutieni bwana. Akaangalia meza nzima. Mtafutieni bwana wa Kilebanoni, akikaa naye mwaka anapata karatasi, imekwisha hiyo. Meza ikacheka, nami nikarudi nikakaa, nikadhani ni mzaha wa mtu aliyeshiba, na baada ya siku chache huyo hapo, kamleta bwana kweli.

Ndiye yule anayemshikia koti. Tarraf, binamu yake, mwenye majenereta, mtaa mzima wa kina Nuhad wanamlipa yeye ndipo taa ziwake, mjane, mtu wa swala tano, nimemwuliza kila mtu nikitafuta ubaya wake na sikuupata, si mlevi, si mgomvi, ana binti aliyemzidi Layal kwa mwaka. Amesimama juani koti la mwenzake mkononi, jasho linamtiririka, hajui amwangalie nani. Na jana Nuhad jikoni kwake anatwanga kitunguu saumu cha mboga ya mulukhiya, anatwanga kama anamtwanga mtu, ni nikaha tu Hanadi, anasema, sheikh anaandika Ijumaa, basi, msichana anabaki kwangu, analala kitandani kwake, karatasi zikitoka tutajua la kufanya, harusi nitaichelewesha, nitasema samani hazijafika, nitasema mama yetu anaumwa... Mama yetu amekufa, Nuhad. Nitasema nyingine basi, usinichanganye. Na mumewe Yusri, kajaa vumbi la plasta mpaka kwenye nyusi, kakaa mlangoni anavua viatu polepole, ule upole wa mtu ambaye ndani ya nyumba hiyo ndiye aliyesababisha na hana alilofanya, namwuliza shemeji unasemaje, anasema mwulizeni mwenyewe, mimi nimeshampa nilichokuwa nacho. Nuhad akazidi kutwanga. Mwenyewe amekwisha kusema ndiyo. Ndilo linalonikera, nani nimkasirikie, kasema ndiyo kabla hajaulizwa mara ya pili, anaitaka jezi hii kuliko kitu chochote, na wale wa upande wa baba yake, timu ya Wapalestina, wamempigia simu, kocha wao kampigia mwenyewe, njoo binti, huku una nafasi, mchezo wa kwanza tu uko kikosini, na yeye kawajibu atafikiria. Nikamwuliza kwa nini. Mama mdogo, kasema, mimi sijawahi hata kuiona hiyo nchi, ile ni ya baba na picha za ukutani kwa bibi, mimi nimejifunza mpira chini ya dirisha lako. Leo asubuhi kwenye gari langu kaning'ang'ania, kaweka miguu juu kama kawaida yake, anatafuna mkate wa kaaki, akasema mama anasema hili, baba hasemi, wewe ndiye unayejua mpira, sheikh anakuja Ijumaa, wewe ukisema ndiyo naandikisha, ukisema hapana naacha, niambie leo mazoezi yakiisha. Nitavumilia, mwaka tu. Kisha akauliza, kwani ungekuwa wewe ungefanyaje? Nikapiga honi, kulikuwa na lori mbele, namshukuru yule mwenye lori.

Na jibu ninalo, nimekuja nalo hapa, nimelilalia, ni ndiyo. Nimelipanga vizuri. Nitamwambia Tarraf ni mtu mzima mwenye heshima, nitakaa naye mimi mwenyewe nimwekee masharti, asimguse, asimzuie safari, nitamwambia wangapi wameolewa kwa sababu mbaya zaidi na wakaishi, nitamwambia mechi za kufuzu zitaanza huo mwaka ukiisha, na mwaka si mrefu, mwaka unapita mtu ukiuguza goti tu, najua mimi... haya amekata simu, Garo ananyoosha mgongo, wasichana tayari, hapana, imelia tena, kaipokea, na safari hii anakuja huku huku akizungumza, sauti yote ya mkutano wa hadhara, eeh niko na mabinti zangu wa timu ya taifa, eeh hao hao, unaona, mwaka huu nimewasajilia kiungo, kiungo hatari, ada ya uhamisho, ada gani bwana, huyu hana ada, huyu tunamsajili kwa mahari. Wakacheka. Safu ya nyuma ikacheka, Garo akacheka, Emelie hakuelewa akacheka kwa kutuona, na nikasikia kicheko kimoja kirefu kuliko vingine, kikavu, karibu sana na sikio langu, ni changu. Ni mimi niliyecheka. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kwa ajili ya picha kikatoka chenyewe, na Layal akanitazama, hakumtazama Mheshimiwa, mimi, halafu akainama akaanza kupanga chupa zilizokwisha kupangika. Funga mdomo Hanadi. Sasa umeufunga, umechelewa. Tarraf hakucheka, nampa haki yake, masikio yamemwiva, akalihamisha koti mkono huu hadi huu, akakohoa, akasema kwa sauti ya chini, kuna maji hapo, na Layal akatoa chupa kwenye kreti, akaifungua kizibo kabisa kama tunavyofunguliana sisi tukiwa uwanjani, akampelekea, naye akanywa akapumua akamrudishia na akasema, ahsante binti yangu.

Binti yangu, kama anavyomwambia yule wa nyumbani, bila kufikiri, ndivyo ulimi wake ulivyozoea kumwita msichana wa umri huo akimletea maji, na mara tu ilipomtoka akajua, nimemwona akijua, uso umemsawijika, kaangalia nyasi, na Layal kasimama na chupa tupu mkononi, mgongo wangu hapa unaungua na siwezi kusimama kwa sababu Garo anasema msitikisike, bado kidogo, Mheshimiwa bado kidogo. Mbwa we. Sijui nimemtukana nani, nawatukana wote, namtukana aliyeandika ile sheria, amekufa zamani, namtukana huyu mwenye kitambi, namtukana Nuhad na kinu chake, na huyu Tarraf nashindwa hata kumtukana, ameona aibu kabla yangu, mwuza umeme ameona aibu na mimi nacheka. Kwa sababu namtaka, hiyo ndiyo sababu, tuseme tu, simtakii, namtaka, nimtazame Layal katikati ya uwanja anageuka na mpira na mimi nyuma yake nikijua kwamba safari hii, safari hii kabla goti halijanimaliza tutafuzu, tumefungwa kote, tumefungwa mpaka na timu ambazo zilikodi viatu, na nimemwona msichana anayeweza kutuvusha na nikasema moyoni mpeni, mpeni kwa njia yoyote, na walipomleta mzee wa majenereta nikaanza kumtafutia ubaya nikiomba nisiupate. Niliomba nisiupate. Nikaita hiyo kumchunguzia mtoto.

Kapteni mbona umenuna, anasema Garo, ilikuwa nzuri ile ya mwanzo, na Mheshimiwa kafunika simu kwa kiganja, anasema huyu kapteni wangu mkali, mwacheni, wakali ndio wanaolinda goli, na wasichana wanacheka tena, kidogo, na mimi safari hii sicheki, uso umegoma, namwangalia Layal anajaza kreti na nataka aniangalie hataki, ana haki, nitamngojea, tutakapoingia garini sitawasha gari kwanza, nitamwambia hapana. Nuhad atanililia, kocha atanuna, na Emelie atabaki katikati na atafanya anachoweza. Nitamwambia wapigie wale wa upande wa baba yako leo hii, nikiwa nakusikia, waambie unakuja, mwache baba yako akuone hata kwenye televisheni, akae na wenzake kule kambi ya wakimbizi awaambie yule wa kati ni wangu, hicho ndicho alichokuwa nacho cha kukupa na sisi tulikuwa tunampita kama hayupo. Na siku tukipangwa nanyi, kwa sababu tutapangwa, ukanda huu ni sisi kwa sisi, nitaomba nikukabe mimi, usidhani nitakuachia, nitakukanyaga, nitakuvuta jezi, ukitaka kunipitisha mpira miguuni nitakuangusha refa anipe kadi aitakayo, na ukitufunga nitakuchukia siku ile nzima na nitakuwa nimekupeleka mwenyewe, na hawa wote jukwaani watauliza yule mtoto katokea wapi. Na lile swali lake, kwani ungekuwa wewe ungefanyaje, nitamjibu pia, sitapiga honi. Ningeolewa, Layal. Na huyu, na aliyekuwa mbaya kuliko huyu, Ijumaa hii hii, nisingewauliza mama wala baba, na mwaka mmoja ningesema hauumi, na ungeniuliza leo kama uliuma ningekwambia picha ilitoka nzuri, kwa hiyo usinisikilize mimi katika lolote ila hili moja... bado kidogo, anasema Garo, msitikisike, Mheshimiwa bado yuko kwenye simu.