Mabamba Yaliyofunikwa Blanketi

Bamba lilipasuka mbele ya macho yangu.

Kazi yangu ni kuikandamiza alumini kwenye kompyuta kabla presi, ile mashine yenyewe ya kukandamiza, haijaigusa. Naiambia kompyuta aina ya bamba, unene, mafuta na umbo la kalibu itakayolipa sura, nayo inanionyesha bamba litakubali kuvutwa mpaka wapi kabla ya kuchanika. Kijani ni salama, nyekundu ni msiba. Mlango huu wa gari la wagonjwa ulikuwa kijani mwanzo mwisho, na nilishawaapia watu. Mteja alikuja kujionea mwenyewe. Bosi naye alikuwa ameshasema bila kuzunguka kwamba tukikosa kazi hii, chumba cha presi kinafungwa. Anayeendesha presi ni kaka yangu, tumbo moja.

"Leta lingine," bosi akasema.

Kaka akaleta lingine. Likapasuka palepale, kwenye kona ya shimo la kitasa.

Mteja akaangalia saa. "Kwa hiyo kompyuta yenu huwa inaota?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikamfuata kaka kwenye rundo lake.

"Kaka, haya mabamba umeyatoa wapi?"

Alikuwa bado anatabasamu, na ndicho kinachonitesa mpaka leo. Akafunua blanketi. Lilikuwa blanketi la mama, lile la maua tulilokuwa tukigombania utotoni.

"Ya mzigo wa kwanza kabisa," akasema. "Hayana hata mchubuko. Niliyaficha tangu mwaka jana. Nikasema haya ni ya siku ya mdogo wangu."

Alumini ya aina hii huwezi kuiweka kama sahani za wageni kabatini. Ikitoka kwa walioitengeneza ni laini, lakini ukiiacha inakomaa yenyewe polepole, inakuwa ngumu, haivutiki tena kama mwanzo. Mimi nilikuwa nimehesabia mabamba mapya, yaliyoingia juzijuzi. Kompyuta niliieleza kila kitu. Kaka yangu, ninayekula naye meza moja kila Jumapili, sikumwambia hata neno.

"Yamezeeka, kaka."

"Bamba linazeekaje? Kwani mkate huu?"

Nikamweleza kwa kunong'ona. Akawa anaitikia kwa kichwa, na uso unamshuka. Nikinyamaza, kazi inatuponyoka na chumba kinafungwa. Nikisema, jumba bovu linamwangukia yeye. Nilisimama pale kama mjinga, nimeshika pindo la blanketi.

"Nenda kawaambie," akasema. "Unangoja nini?"

Nikawaambia mabamba yale yamekaa tangu mwaka jana. Vipimo vya bamba lililokaa muda mrefu nilikuwa navyo. Nikaketi, nikaingiza ugumu wake, nikabonyeza. Mlango ukajikunja kwenye skrini, kijani, kisha njano, halafu doa jekundu likajitokeza kwenye kona ya shimo la kitasa. Mteja akainama mpaka pua ikakaribia kioo. Akaenda kulitazama lile bamba lililopasuka, akarudi, akatazama tena.

"Palepale," akasema kwa sauti ndogo.

Kaka akapandisha bamba jipya. Likatoka safi, laini, bila hata mstari. Mteja akanipa mkono, akasema kazi ni yetu.

Bosi akanipigapiga begani. Kisha akageuka. "Sasa nani alileta yale mazee mbele ya mgeni?"

Nilifungua mdomo niseme ni mimi. Lakini kaka alikuwa ameshanyoosha mkono, na glavu yake.

"Ni mimi, bosi. Nilidhani namtunzia."

Bosi akamwambia avue glavu, akabidhi ufunguo wa presi. Alisema kwa sauti ya kawaida tu, kama anayeagiza chai. Nilijaribu kumkatiza, akanyanyua kiganja. Sikuwahi kufikiria kwamba ningelipata jibu sahihi halafu nilione likimtoa ndugu yangu mlangoni.

Kaka akakunja blanketi vizuri, akalibana kwapani. Aliponipita alinigusa kiwiko.

"Jumapili usichelewe," akasema. "Mama anataka kusikia mlango wako umetokaje."