Suruali Nyeupe ya Shemeji

Zile suruali nilizitia wanga mimi, na mpaka leo siombi radhi. Mama yangu alifua nguo za watu miaka thelathini pale Savannah, kusini mwa Marekani, akanifundisha kwamba suruali nyeupe lazima iweze kusimama sakafuni yenyewe, bila mtu ndani.

Oktoba ya mwaka sitini na mbili nilikuwa dobi katika manowari mojawapo ya zile zilizotandazwa baharini kuizuia Kuba. Warusi walikuwa wamepeleka makombora ya nyuklia kule, mlangoni petu, nasi tukaagizwa kusimamisha kila meli inayokwenda huko na kuikagua. Wakubwa hawakutaka kusema tumeizingira Kuba. Walisema ni karantini, kwa sababu kuzingira ni vita, na vita ile isingemwacha mtu. Haya, karantini. Mizinga yetu ilikuwa ileile.

Asubuhi moja tukakutana na meli ya mizigo ya Wagiriki, imekodiwa na Warusi. Nahodha wetu akachagua watu watano wavuke wakaikague. Wasibebe bunduki, hata kisu, na wavae nyeupe, ili waonekane tangu mbali kwamba wamekwenda kwa heshima. Mmoja wao alikuwa Harlan, mume wa dada yangu Lorene. Lorene alikuwa na mimba ya miezi minane, na barua yake ilikuwa mfukoni mwangu: "Virgil, huyu mtu uliniletea mwenyewe. Unirudishie."

"Shemeji," Harlan aliniambia akijaribu kukunja goti, "humu umetia wanga au saruji?"

"Vaa bwana. Unakwenda kwa watu."

"Nakwenda kupigwa risasi."

"Basi upigwe ukiwa nadhifu."

Nilimjibu hivyo, halafu nikajifanya natafuta pasi. Niliogopa sana siku ile, kuliko nilivyopata kuogopa.

Nilisimama ukingoni mwa meli yetu nikiwatazama wakivuka kwa mashua. Wapiga mizinga wetu walikuwa kila mmoja mahali pake. Kule juu Wagiriki walijipanga kimya, wamekunja mikono, na mzee mmoja mwenye masharubu alishika shoka. Ikashushwa ngazi ya kamba. Harlan akatangulia, maana shemeji yangu ana kiherehere.

Alipofika katikati akainua mguu, na suruali ikapasuka kuanzia mkanda mpaka chini. Wanga wangu haukukubali kukunjika. Ndani alivaa chupi aliyoshonewa na Lorene kwa kitambaa cha gunia la unga, chenye maua ya njano, na maua yale yalitazama manowari nzima.

Akabaki ananing'inia pale, mkono mmoja kwenye kamba, mwingine nyuma.

Wa kwanza kucheka alikuwa mzee wa shoka. Aliliweka chini ili ashike tumbo. Wenzake wakafuata, kisha wapiga mizinga wetu, na nahodha wetu akageuka akatazama upande mwingine, mabega yanamtikisika. Yule mzee akainama, akamshika Harlan kwapani, akamvuta juu.

Walikaa kule saa mbili. Meli ilikuwa na mabunda ya karatasi na vipuri vya malori, basi ikaruhusiwa kupita. Harlan alirudi ananuka kahawa, suruali imeshonwa kwa uzi mweusi mnene wa turubai.

"Mzee kanishonea nimeivaa hivihivi," alisema. "Ana Kiingereza cha bandarini. Anasema aliyetia wanga huu ashtakiwe."

"Mwambie aje adai mwenyewe."

Tulirudi bandarini kwetu Norfolk mwezi uliofuata, makombora yameshaanza kurudishwa kwao. Mtoto wa Lorene alikuwa na siku tisa. Nikiwa jikoni kwao nakula mahindi ya kusaga na samaki, Lorene alitoa suruali ile kwenye begi la mumewe akaigeuza. Dada yangu ni fundi cherehani, kazi mbovu huwa haimpiti.

"Nani kashona hapa?"

"Mzee mmoja wa ile meli," Harlan akasema. "Nilipofika alikuwa ameshika shoka."

Lorene alipitisha kidole juu ya uzi, pole pole, tundu kwa tundu, mpaka mwisho. Nilikwisha mletea mkasi afumue.

"Weka mkasi, Virgil," akasema. "Kashona vizuri." Kisha akamtoa mtoto begani, akampa baba yake.