Jina Lililonyamazisha Radi

"...ikanyamaza, kukhu! Radi nzima, hivi, pap! Haki ya Mungu, mpaka bata wa watu wakaanza kutembea tena!"

Nakhisa hata viatu hajavua. Amesimama mlangoni mwa fleti yao ya Bukoto, matope ya soko la Ggaba, kando ya ziwa, mpaka magotini, mfuko wa mukene unachuruzika maji, na anahema utadhani kapanda ghorofa kumi. Nyanya yake, Kukhu Rosebella, aliacha kuchambua maharagwe.

"Kaa kwanza. Na huo mkono mbona umeuficha kwa sketi?"

"Baridi tu. Ngoja nianze vizuri. Si unamjua Laker?"

"Nitakosaje kumjua? Tunakula mukene wake tangu Pasaka."

Nakhisa akacheka, akaona haya. Ni kweli. Hakuna mtu mwenye akili anayetoka Bukoto kwenda Ggaba mara nne kwa wiki kununua visamaki vya kukaanga. Lakini wewe ungemwona Laker! Binti wa sajenti wa polisi, mtu wa Kitgum, fundi wa friji za samaki pale sokoni. Mrefu, kichwa kimenyolewa safi, glavu nyeusi za mpira mpaka kwenye viwiko hata jua likiwaka namna gani. Akiinama nyuma ya friji iliyokufa, hahitaji hata kuichomeka ukutani. Anaigusa tu, inaamka. Wachuuzi wanasema ana mkono mzuri. Nakhisa peke yake ndiye aliyejua kwamba mkono wenyewe si wake peke yake.

Maana Laker alimwambia. Ilikuwa siku ile alipovua glavu moja kwa mara ya kwanza, akamgusa Nakhisa shavuni, na balbu tatu za kibanda zikapasuka, na barafu ya mama mzima wa watu ikageuka maji.

"Sijawahi kumgusa mtu," Laker alisema. "Kuna mungu ndani yangu. Wa radi, wa huku ziwani. Alikufa zamani, akarudi kwa tumbo la mama yangu. Kila siku ananguruma. Ila siku ile uliponiambia unaitwa Nakhisa, alinyamaza kidogo. Pumzi moja hivi."

Nani angelala baada ya kuambiwa hivyo? Nakhisa alikuja mbio kwa kukhu, akauliza juu ya "rafiki yangu mmoja".

"Yule ambaye ukimtaja unauchekea ukuta?" kukhu alimuuliza. Halafu akashusha sauti. "Mpendane, lakini mdomo mfunge. Majirani wa hapa wana masikio mengi."

Kisha akamweleza. Kwao, mtoto akizaliwa na kulia bila kukoma, wazee wanamkalia, wanaita majina ya waliotangulia, moja moja. Jina litakalomnyamazisha, hilo ndilo lake. Miungu nao wanakufa, nao wanarudi, nao wanataka kuitwa. Huyu wa Laker hakuna aliyemwita. Hiyo radi yote ni kilio cha mtoto wa miaka kumi na tisa. Mwili ukichoka kukibeba, utaungua, na walio karibu wataungua nao.

Kukhu akamfundisha majina arobaini na moja, ya mvua na ya milima, akamwonya: "La mtu aliye hai usiite. Utampasua huyo mungu, akae kwa watu wawili. Mmoja akiungua, na mwingine anaungua."

Na leo mchana ndiyo siku yenyewe ilifika.

"Kukhu, wingu lilishuka mpaka kwenye mabati! Friji zote zikaanza kutetemeka. Laker akapiga kelele, 'Tokeni! Tokeni wote!' Watu wakaacha samaki wakakimbia. Glavu zikamyeyuka mikononi."

"Na wewe ukakimbia?"

"Mimi?"

Hakukimbia. Laker alikuwa amepiga magoti kando ya maji, mwanga unampita chini ya ngozi, kwenye shingo, kwenye vidole, na alikuwa mzuri, jamani, mzuri wa kutisha. Hata hapo alikuwa akijivuta kuelekea ziwani, mbali na soko, ili akiungua aungue peke yake. "Nakhisa, nenda!" alisema. "Tafadhali, mpenzi, nenda!"

Nakhisa akakaa chini kwenye matope. Akaanza kuita. La kwanza, radi. La kumi, radi. La thelathini, nywele zake mwenyewe zikasimama. La arobaini na moja akalipigia kelele mpaka koo likapasuka, na moshi ukaanza kutoka mabegani mwa Laker.

Majina yakaisha.

"Na ndipo ikanyamaza," Nakhisa alimaliza haraka haraka. "Wingu likapanda, Laker akalala mapajani mwangu, akaanza kucheka. Anacheka, kukhu! Ananishika mikono yote miwili na hakuna kitu kinapasuka! Yuko hapo chini kwenye ngazi, hana glavu hata moja, anaogopa kukusalimia."

Kukhu hakucheka. Alisukuma ungo pembeni.

"Majina yaliisha, umesema."

"Eeh."

"Sasa alinyamaza kwa jina la nani?"

Nakhisa akausukuma mkono ndani zaidi ya sketi. Alikumbuka ladha ya jina lile alipolitamka, jina analoandika kwenye kila daftari tangu chekechea, na jinsi kitu cha moto kilivyomwingia kwenye kiganja, taratibu, kama mtoto aliyepata pa kulala. Hakujuta. Hata sasa, hakujuta hata kidogo.

Umeme wa Bukoto nzima ulikuwa umekatika tangu saa nane. Juu ya vichwa vyao, balbu ya sebuleni ilianza kuwaka, nyekundu kwanza, halafu njano.

Kukhu akaitazama balbu. Akautazama mkono ulio ndani ya sketi.

"Moreen Nakhisa."

"Kukhu, kwanza nimpandishe Laker apate chai, amelowa," Nakhisa alisema, tayari yuko mlangoni. "Hilo la jina nitakwambia kesho. Naapa, kesho asubuhi, kabla hujapiga hata mswaki."