Mtambo Mmoja, Mitutu Miwili

Usiku wa jana niliota dabodeka letu la bwenini limekuwa gobore la mitutu miwili, mmoja juu ya mwenzake. Sikushangaa. Mimi nilikuwa risasi ya mtutu wa juu. Mbwilo, anayelala kitanda cha chini, alikuwa risasi ya mtutu wa chini, na alikuwa amevaa soksi.

Kando yetu amesimama Mtambo wa gobore, mzee wa chuma aliyeng'ata jiwe la gumegume la kuwashia baruti.

"Shikamoo, mzee," nasema.

"Marahaba. Tumelenga chumba cha mkuu wa shule. Wa juu anatangulia."

Mkuu wa shule aliapa kwamba nikikanyaga tena kwake bila kuitwa, nitafungasha virago nirudi kwetu. Na kupita ukutani si kuitwa.

"Mbwilo," namwita kwa sauti ya mchungaji, "huku juu kuna hewa safi. Tubadilishane, ndugu yangu."

"Na wewe je?"

"Mimi nitajinyima."

Mbwilo anapanda. Nashuka nikijiona mtu mwema sana.

"Wa juu, jiandae!" anasema Mtambo.

"Mama yangu!" anasema Mbwilo.

Kisha Mtambo ananichungulia huku chini. "Kijana, kwa kuwa nina jiwe mdomoni unadhani sina akili? Gobore hili lina mtambo mmoja tu, mimi. Ndiyo maana mitutu yake huzungushwa, kila mmoja unifikie kwa zamu. Nyinyi mmebadilishana, na mimi nazungusha."

Kriii! Niko juu tena.

"Hewa ikoje huko?" anauliza Mbwilo kutoka chini.

Mtambo anajivuta nyuma, anajitupa mbele. Jiwe linagonga chuma, cheche zinaruka, na chini ya mgongo wangu baruti inasema *fsss*, kama uji uliomwagikia jikoni. Siendi popote.

Mtambo anapapasa mtutu wangu, ananusa kidole.

"Baruti imelowa," anasema kwa huzuni. "Imetiririkiwa kutoka juu, kabla sijazungusha."



Kengele ya asubuhi ikaniamsha. Mbwilo alikuwa anaburuta godoro lake kwenda kulianika, kifua mbele, haoni haya hata kidogo.

"Pole, Mbwilo," nikamwambia.

"Pole ya nini?" akajibu bila kugeuka. "Ningekuwa jasiri kule juu, saa hizi ungekuwa unafungasha virago."