Nyumba Iliyoupa Mji Kisogo

"Panda juu ya hiyo ndoo, dada yangu, halafu egemea kushoto," dalali alisema. "Haya, sasa huoni mji?"

Twiga alipanda juu ya ndoo. Aliona bomba la maji machafu, ukuta wa jirani na, kwa mbali sana, ncha ya jengo moja.

"Mama yangu hapandi ndoo, kaka."

"Atazoea."

"Ana magoti mabovu. Ngazi zimemshinda, ndoo ndiyo ataiweza?"

Dalali alijifuta jasho shingoni. Maisha yake yote alikutana na wateja wanaouliza maji, umeme na tabia za majirani. Huyu alikuwa akiingia mlangoni tu anakwenda moja kwa moja dirishani, kama mtu aliyesahau kitu huko nje. Nyumba zilizouona mji zilikuwa juu ghorofani, ngazi baada ya ngazi. Nyumba za chini ziliona kuta.

"Unataka kukaa chini na kuona mbali," alisema. "Mtaka yote hukosa yote, dada."

"Mimi sitaki yote. Nataka dirisha."

Jina la Twiga alipewa na wenzake kazini, na aliliona limemkaa vizuri. Aliendesha winchi, ile mashine ndefu yenye mkono wa chuma inayopandisha mizigo kwenye majengo marefu. Kampuni ilikuwa imemhamishia katika jiji hili kuja kusimamisha jengo refu kuliko yote, na kila asubuhi alipanda mpaka kwenye kibanda chake cha vioo kabla wenzake hawajamaliza kuvaa kofia. Alikuwa hodari, na alijua kwamba ni hodari. Aliyekuwa hajui ni mama yake.

Mama, kule walikotoka, alikuwa amewaambia majirani kwamba binti yake ni karani wa stoo. Mtoto wa kike kuning'inia hewani na vyuma! Watu wangesemaje? Twiga alikuwa amemweleza kwa miaka, kwa simu na ana kwa ana, mpaka mdomo ukachoka. Sasa mama alikuwa anahamia kwa binti yake, na kwenye simu hakuzunguka mbuyu. "Nakuja nione kwa macho yangu. Nikiona si kazi ya mtu mwenye akili zake, nakwenda kuishi kwa kaka yako, na usinilaumu."

Kwa hiyo lilihitajika dirisha. Macho ya mama hayakuwa na kasoro kwa vitu vya mbali. Kutia uzi kwenye sindano hakuweza, lakini mgeni asiyetakiwa alimwona tangu yuko kwenye kona.

Kesho yake, Twiga akiwa juu anasubiri zege lichanganywe, alijicheka. Kutwa nzima alikuwa ametafuta mji kutoka kwenye nyumba, na yeye ndiye aliyekaa mahali pa kutafutia nyumba kutoka mjini! Akaanza kuzipitia moja moja. Ng'ambo ya bonde, kwenye mteremko, aliona nyumba fupi yenye bati la kijani na kamba ya nguo uani. Kati yake na kibanda hapakuwa na kitu ila hewa. "Nikikuona," aliiambia, "na wewe unaniona."

"Hii?" dalali alishangaa jioni, wamesimama mbele ya bati la kijani. "Hii ninayo siku zote! Mbona hukusema?"

Ilikuwa nyumba nzuri. Mlango ulikuwa sawa na barabara, hapakuwa na hata kidato kimoja. Sebule ilikuwa pana, na dirisha lake kubwa liliangalia barabara. Madirisha ya vyumba yaliangalia ubavuni. Twiga alizunguka, akarudi sebuleni, akazunguka tena, na ndipo alipogundua ujinga wake. Kutoka juu nyumba ni bati tu, haina mbele wala nyuma. Alichokuwa amekiona mchana ni mgongo. Waliojenga walikuwa wameelekeza uso wa nyumba barabarani, wanakotokea wageni, na mji mzima wakayaachia masufuria.

Dirisha pekee lililouangalia mji lilikuwa jikoni, juu ya sinki. Na lilivyouangalia! Majengo yote yalikuwa pale, yamesimama bega kwa bega, na juu yao mkono wa manjano wa winchi yake.

Aliichukua. Lakini usiku ule roho haikutulia. Mama yake alikuwa mtu wa sebule. Viti vyake vilivaa vitambaa vya kufuma, na mgeni hakuruhusiwa kuchungulia jikoni. Utamwambiaje mtu kama huyo kwamba mandhari yapo karibu na jiko?

Mama aliwasili Jumamosi na fimbo yake, mizigo yake na kimya chake. Alikagua chumba baada ya chumba. Jikoni alitupa jicho kwenye sinki, si dirishani, akatoka.

"Nyumba hii imeupa mji kisogo," alisema, akaketi sebuleni kuangalia barabara.

"Kesho kutwa nikienda kazini, mama, ingia jikoni uchungulie dirishani."

"Jikoni nimeingia tangu sijaota meno. Nitaona nini kipya?"

Jumatatu Twiga alifanya kazi bila kugeuza shingo kuelekea bondeni. Alipandisha zege na mbao. Kisha wakamfungia mzigo mkubwa wa nondo, upepo ukawa unauchezea, naye akausubiri utulie, akauzungusha taratibu na kuushusha katikati ya watu waliokuwa wamenyoosha mikono kuupokea. Hakuna aliyelazimika kuruka pembeni. Jioni alifungua breki ya mkono wa winchi, kama anavyofanya kila dereva anapomaliza, ili mkono ufuate upepo badala ya kushindana nao. Akashuka ngazi akiwa na hofu ambayo hakuwahi kuwa nayo juu.

Nyumbani, sebuleni, kiti cha mama hakikuwepo.

Kilikuwa jikoni, kimevaa kitambaa chake cha kufuma, kimebanwa kati ya jiko na sinki. Mama alikuwa amekikalia, simu sikioni, mgongo kwa mlango.

"Vyuma, shoga yangu! Mzigo ukubwa wa chumba! Ameutua kama anatua yai... Nani? Mwanangu, nani mwingine! Wa kumzaa mimi... Karani? Nani kasema karani? Utakuwa ulisikia vibaya."

Twiga alisimama pale mlangoni akaacha machozi yatoke. Hakuona sababu ya kuyaficha.

Mama aligeuka, akashtuka. "We! Na kule nani anaendesha?"

Kweli, dirishani mkono wa manjano ulikuwa unazunguka polepole wenyewe.

"Upepo, mama. Tukimaliza tunaulegeza mkono."

Mama aliutazama mkono ukigeuka. "Kwa hiyo ukianza kwenda ovyo, wewe unashuka."

"Ndiyo."

"Na mpaka ufike hapa?"

"Kama muda wa kupika maharage."

"Yaliyolowekwa au makavu?"

"Yaliyolowekwa."

"Haya," mama alisema, akakiweka sawa kitambaa cha kiti. "Mwambie kaka yako asinisubiri."

Kesho yake kazi iliisha mapema, jua bado likiwa juu ya bonde. Twiga alifungua breki. Mkono ulisita, kama unaoulizwa jambo, kisha ukaupokea upepo na kuanza kugeuka. Safari hii aligeuza shingo. Ng'ambo, chini ya bati la kijani, taa ya jikoni iliwaka mchana kweupe; mama alikuwa ameuona mkono, na maharage yalikuwa yanabandikwa. Akavaa glavu zake, akashika ngazi, akaanza kushuka.